Kunyoosha nyonga taratibu: mwongozo kwa wazee na kwa wanaoshinda wamekaa

Swali hili linanijia kila wiki, karibu kwa maneno yaleyale: "Nikiinuka kwenye kiti, hatua tano za mwanzo natembea kama nimefungwa kamba, halafu inaachia. Nifanyeje?" Anayeuliza anaweza kuwa mstaafu wa miaka 70 au kijana wa 32 anayeshinda kwenye kompyuta. Mwingine ni fundi cherehani. Mwingine, ili aingie kwenye bajaji, inabidi ainue paja lake kwa mikono. Mwingine anaona aibu kusema, lakini choo cha kuchuchumaa kimeshakuwa mtihani.

Nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Ukishazoea, zoezi zima ni kama dakika 20 hadi 25. Huhitaji kwenda jimu.

Kwanza, nyonga yako iko wapi?

Wengi wanaoniambia nyonga inauma hushika kiuno, na wanaolalamikia kiuno hushika nyonga. Kaa kwenye kiti. Tafuta mkunjo wa suruali au gauni pale paja linapokutana na tumbo, uweke kidole katikati ya mkunjo huo. Kiungo chenyewe kiko nyuma ya kidole, ndani kabisa: kichwa cha mfupa wa paja, mviringo kama mpira, kimeingia kwenye kikombe cha fupanyonga. Ule mfupa unaoujua wewe, unaojitokeza ubavuni ukilala upande, ni sehemu ya juu ya mfupa wa paja. Sicho kiungo.

Mbele ya kiungo hicho unapita msuli mnene. Unaanzia kwenye pingili za mgongo wa chini na kujishikiza juu ya paja. Ukikaa unakuwa umekunjwa. Mtu wa kigoda, kama mama anayeuza samaki sokoni, anaukunja zaidi ya mtu wa ofisini. Baada ya miaka msuli unazoea ufupi huo, na ukisimama unavuta mgongo. Nadharia inatosha hapo.

Ila kuna jambo moja nitalirudia hadi ulichoke: mgongo unadokoa. Unapojaribu kunyoosha nyonga iliyokaza, mgongo hujipinda na kuifanyia kazi yake. Wewe unaona umefika mbali, kumbe nyonga haijasogea hata kidogo. Karibu kila kosa utakalolikuta hapa chini linatokana na udokozi huo.

Usianze kabla hujasoma hapa

Muone daktari kwanza kama mojawapo ya haya linakuhusu:

- Umeanguka siku za karibuni na ukikanyaga mguu unauma sana, au mguu umeonekana mfupi na umegeukia nje. Huo unaweza kuwa mfupa uliovunjika. Usinyooshe chochote, nenda hospitali.
- Umewekewa nyonga ya bandia. Kukunja nyonga kupita pembe mraba, kukunja nne na kugeuza mguu kwa ndani huenda umekatazwa. Mfuate aliyekufanyia upasuaji, si mimi.
- Una selimundu, au umetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, na kinena kinauma. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuharibika kwa kukosa damu, na hilo huonekana kwa picha, haliponi kwa kunyoosha.
- Nyonga inauma usiku hata umelala tu, au una homa, au unakonda bila sababu.
- Umepata ganzi sehemu za siri na kwenye makalio, au mkojo na choo vinatoka bila wewe kujua. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.
- Shavu la mguu mmoja, yaani ile nyama ya nyuma ya muundi, limevimba, lina joto na linauma.

Kama umeambiwa mifupa yako ni dhaifu, unaweza kufanya mengi ya hapa, lakini usijikunje mbele kwa kupinda mgongo na usijisokote.

Mahitaji

- Kiti kigumu cha mbao au chuma, chenye miguu 4, kisicho na mikono wala magurudumu. Ukikaa, nyayo zote ziguse chini na magoti yasiwe juu kuliko nyonga. Kikiwa kifupi, weka blanketi lililokunjwa.
- Ukuta wa kukiegemeza kiti.
- Kanga au kitenge cha zamani.
- Mito 2.
- Kitanda chenye godoro lisilobonyea sana, au mkeka kama bado unaweza kushuka chini na kuinuka mwenyewe.
- Nguo pana. Miguu iwe peku au ndani ya viatu vinavyoshika. Ndala na soksi juu ya vigae hapana. Mwenye kisukari aliyepungukiwa na hisia miguuni avae viatu.
- Mtu wa karibu kwa siku 2 au 3 za mwanzo, hasa kama una kizunguzungu.

Kiti cha plastiki ndicho kilichojaa majumbani, najua. Nilikitumia mimi mwenyewe barazani, juu ya vigae vilivyokuwa vimetoka kupigwa deki. Nilipoegemea mbele, miguu yake ya nyuma iliteleza na mimi nikakaa sakafuni mbele ya wajukuu wa jirani. Niliumia heshima tu, lakini mwenye miaka 75 angeweza kuvunja nyonga hiyohiyo aliyokuja kuinyoosha.

Kipimo cha kuvuta

Mvuto uwe wa kiasi ambacho unaweza kuendelea kuongea na uso wako haujakunjamana. Kama 10 ni maumivu ya kukutoa machozi, wewe ishia 3 au 4.

Kila mkao ushikilie sekunde 30, mara 2 kila upande. Wiki ya kwanza anza na sekunde 15. Usidundedunde. Usibane pumzi, hasa kama una presha.

Hesabu za mdomo haziaminiki. Baba yangu nilimwambia ahesabu hadi 30, akamaliza kwa sekunde 12 na kuniuliza kinachofuata. Tumia saa ya simu, au vuta pumzi 5 au 6 ndefu. Kuna mama mmoja husoma Baba Yetu polepole mara moja kwa kila mkao, na jirani yake husoma Al-Fatiha kwa utulivu. Nimewapima wote wawili, na wote wanaangukia karibu na sekunde 30.

Hatua kwa hatua

1. Pasha mwili, dakika 5. Tembea ndani ya nyumba au uani. Usiyeweza kutembea sana, kaa kitini uinue goti moja, ushushe, uinue jingine, mara 20 kila upande. Ukinyoosha msuli wa baridi, saa 12 asubuhi, umetoka tu kitandani, utauona mkavu kama kamba ya katani. Wengi hufanya vizuri zaidi saa 4 asubuhi au jioni baada ya kuoga.

2. Tikisa fupanyonga. Kaa katikati ya kiti, usiegemee. Mikono iwe juu ya mifupa ya kiuno. Tembeza fupanyonga nyuma hadi mgongo wa chini uwe bapa, kisha mbele hadi kitovu kisogee mbele kidogo. Mabega yatulie. Fanya mara 10 polepole. Hatua hii watu huiruka kwa sababu hawahisi mvuto wowote, lakini ndiyo inayokufundisha kumkamata yule mdokozi. Ukishajua mgongo ulionyooka unavyohisi, hatua zote zinazofuata zitakuwa rahisi.

3. Kunja nne. Hii ni ya nyuma ya nyonga, ndani ya kalio. Ukiwa umekaa wima, weka kifundo cha mguu wa kulia juu ya paja la kushoto, karibu na goti. Goti la kulia lielekee nje. Wengine hapo hapo tayari wanahisi mvuto. Basi baki hapo. Usipohisi kitu, egemea mbele kidogo ukiwa umetanguliza kifua, kama mtu anayetaka kumsikia mwenzake ng'ambo ya meza. Kisha badili upande.

*Kosa:* kuinamisha kichwa na kupinda mgongo ili pua ifike mguuni. Hakuna zawadi ya pua kufika mguuni. Kosa la pili ni kukandamiza goti chini kwa mkono. Goti halina kosa, usiliadhibu.

*Mguu haupandi?* Uweke kwenye muundi, chini ya goti, au juu ya kigoda kilicho mbele yako huku umegeuza goti nje. Inatosha kabisa.

4. Mbele ya nyonga. Kama una muda wa zoezi moja tu kwa siku, fanya hili. Kaa kiti kwa ubavu, mgongo wa kiti uwe kushoto kwako na mkono wa kushoto uushike. Paja la kushoto likae lote juu ya kiti. Kalio la kulia liwe ukingoni, na mguu wa kulia uwe nje ya kiti. Sasa uteleze mguu wa kulia nyuma, goti lielekee sakafu na vidole vya mguu vikanyage. Simamisha kifua. Kaza kalio la kulia, na rudisha fupanyonga nyuma kama ulivyofanya hatua ya 2. Mvuto uwe juu ya paja kwa mbele, au kwenye ule mkunjo ulioweka kidole. Kwa upande wa pili, geuka: mgongo wa kiti uwe kulia.

*Kosa:* kubinua kiuno. Mguu unaonekana umeenda nyuma sana, kumbe ni mgongo umejikunja. Ukihisi mvuto au kubanwa mgongoni badala ya pajani, rudisha mguu mbele nusu hatua na kaza kalio upya. Mara nyingi mtu akikaza kalio vizuri, hana haja hata ya kupeleka mguu mbali.

Usiyeamini ukingo wa kiti, simama ukishika meza nzito au dirisha. Peleka mguu mmoja nyuma hatua fupi, kisigino kinaweza kunyanyuka, kaza kalio la mguu wa nyuma. Madereva wa daladala nawafundisha namna hii: shika mlango wa gari, mara 1 kila upande, wakati konda anaita abiria.

5. Nyuma ya paja. Rudi ukae ukiangalia mbele, karibu na ukingo wa kiti. Nyoosha mguu mmoja, kisigino chini, vidole juu, goti limelegea kidogo. Mikono iwe juu ya paja la mguu mwingine. Egemea mbele kwa kukunja nyonga, mgongo ukiwa umenyooka. Utahisi nyuma ya paja. Ukihisi kama umeme unakimbia hadi unyayoni, huo ni mshipa wa fahamu unaolalamika. Shusha vidole, punguza kuegemea.

6. Goti kifuani, kwa msaada wa kanga. Lala chali kitandani. Pitisha kanga nyuma ya paja, si juu ya muundi, kwa sababu ukivuta muundi goti linabanwa bure. Vuta paja taratibu kuelekea kifuani. Mguu mwingine uache umenyooka kitandani, na uutazame: ukinyanyuka wenyewe, ndio unaokwambia mbele ya nyonga yake kumekaza. Usimwombe mtu akukandamize mguu huo. Legeza kanga kidogo hadi utulie.

7. Kipepeo cha kulala. Ungali chali, kunja magoti, kutanisha nyayo, acha magoti yaanguke nje. Chomeka mto chini ya kila paja ili miguu ipumzike juu yake, isining'inie. Kaa dakika 1. Huku hakuna kazi ya kufanya, ni kupumua tu, na wapo wanaosinzia. Kurudi, saidia magoti kwa mikono, moja baada ya jingine.

8. Kuinuka kitandani. Hii nayo ni hatua. Geuka ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono, kaa ukingoni dakika 1. Wanaotumia dawa za presha ndio hasa wanaoangukia hapa.

9. Simama, kaa. Rudi kwenye kile kiti. Sogea mbele, miguu ikae chini ya magoti, egemea mbele, simama. Kisha kaa ukihesabu 3 polepole, usijitupe. Mara 5 kwa kuanzia, ukiongeza hadi 10. Sukuma mapaja kwa mikono ukihitaji. Huku si kunyoosha, ni nguvu. Nimeiweka kwa sababu nyonga iliyolegea bila makalio yenye nguvu hukaza tena, na pia kwa sababu ndicho unachokitaka maishani: kuinuka kwenye kochi la harusi bila kumtafuta mtu wa kukuvuta mkono.

Fanya siku 5 au 6 kwa wiki. Ukiruka siku, usilipize kesho yake kwa kufanya mara mbili.

Kwa wanaoshinda kitini

Dakika 20 za jioni hazifuti saa 9 za kukaa bila kuinuka. Kila nusu saa simama, hata kwa sekunde 40. Pokea simu ukiwa umesimama. Weka chupa ya maji mbali. Fundi cherehani wa kukanyaga, badilisha mguu unaotangulia kwenye pedali, na usikae kwenye stuli ya chini sana. Anayeweka pochi nene mfuko wa nyuma, itoe kabla ya kukaa: inainua kalio moja kutwa nzima, halafu unashangaa kwa nini upande mmoja unauma.

Utajuaje kama kuna mabadiliko?

Usitegemee kumbukumbu. Siku ya kwanza pima vitu 2: muda wa kusimama na kukaa mara 5, na mahali kifundo kinapofika kwenye hatua ya 3, muundini, gotini au pajani. Andika kwenye kalenda ya ukutani. Pima tena baada ya wiki 2, kisha wiki 6. Kwa wengi ninaowaona, kitu cha kwanza kubadilika ni zile hatua tano za kwanza baada ya kuinuka. Kuvaa soksi huja baadaye.

Mambo yakienda kombo

*Kinena kinabana kama kimechomekwa kitu nikivuta goti kifuani.* Vuta goti likielekea nje kidogo, kwenye bega la upande wake, na uishie kabla ya kubanwa. Kikiendelea kubana, acha hatua ya 6 kwa wiki 2. Kinachobana siku zote, na mguu haugeuki kwa ndani kama wa pili, kinahitaji kuchunguzwa. Huenda ni kusagika kwa kiungo.

*Inalia "ko".* Mlio bila maumivu uache uendelee na mambo yake. Mlio wenye maumivu, au nyonga inayokwama, mwone mtaalamu.

*Nyuma ya paja au unyayo umekaza ghafla, siwezi hata kusema.* Msuli umekakamaa. Usiuvute kwa nguvu. Kama ni unyayo au shavu la mguu, vuta vidole vya mguu kuja kwako. Kama ni paja, nyoosha goti taratibu na upapase. Kunywa maji, na kesho yake punguza muda.

*Goti linauma kwenye kunja nne.* Umeweka kifundo juu sana au unakandamiza. Shusha hadi muundini, na kunja vidole vya mguu huo kuja kwako ili kifundo kisipinde.

*Kesho yake mwili wote unauma.* Uchovu wa misuli unaoisha ndani ya siku 1 au 2 ni wa kawaida. Maumivu makali kwenye kiungo, au ya kukufanya uchechemee, maana yake ulivuta kwa 7 ukadhani ni 3.

*Upande mmoja ni mgumu zaidi.* Karibu kila mtu yuko hivyo. Anza na upande mgumu, umalize na huohuo, yaani mara 3 upande mgumu, mara 2 ule mwingine.

*Wiki 6 zimepita, sioni kitu.* Muombe mtu akupige picha ya ubavuni kwenye hatua ya 3 na ya 4. Tazama mgongo wako. Naweza kubashiri ninachokwenda kukiona. Kama mgongo umenyooka kweli na bado hakuna mabadiliko, tafuta mtaalamu wa fiziotherapia akupime ana kwa ana. Hospitali nyingi za rufaa zina kitengo hicho.

*Vipi kuhusu kuchuliwa?* Kuchuliwa makalio na mapaja kwa mafuta ya nazi hakuna ubaya, kunatuliza. Ila yule anayekwambia ataivuta nyonga "irudi mahali pake" hadi ilie, mwambie asante, lipa nauli yake, aende. Nyonga iliyotoka kweli mahali pake haikuruhusu kusimama mlangoni ukimsubiri mchuaji.